Mama Angèle na Mwisho Mpya wa Kitabu Chake

Ndugu, majirani, wote mulio hapa Rwambuzi, mutaa wa Bunia, familia imeniomba mimi Liévin, mutoto wake wa kwanza, niwasomee maisha ya marehemu mama yetu, Angèle Lotsove.

Mama alizaliwa Fataki, territoire ya Djugu, tarehe 9 mwezi wa tatu 1951, baba yake akiwa mufanyakazi wa kampuni ya Wabelgiji iliyochimba zahabu kandokando ya muto, na tangu utoto aliyajua maji mekundu kwa udongo wa machimbo, yasiyonyweka. Alisoma kwa masista, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1970, akaanza kufundisha hapa Bunia, akaolewa na baba yetu Jérôme Kambale, mufanyabiashara kutoka Butembo, tarehe 17 mwezi wa nane 1974, Mungu akawapa watoto wanne, mimi, Brigitte, Aimé na Rébecca.

Mwaka 1986 alitoa roman yake, kitabu cha hadithi, kwa Kiswahili, sababu alitaka bibi yetu aielewe. Ndani yake Wazungu wanakata pori, wanageuza muto, kisha uhuru unafika, wanaenda, na maji yanarudi safi. Watu waliipenda.

Mwaka 2008, vita ya huku kwetu ikiwa imetulia kidogo, mwanafunzi wake mumoja alimuuliza darasani: «Madame, kama Wazungu walienda, mbona maji iko nyekundu mpaka leo?» Mama akaenda kujionea mwenyewe. Alipanda pikipiki mpaka Fataki, akamukuta mutoni mudogo wake Honoré akichimba zahabu, na moteur ya kuvuta maji, na zebaki, ile sumu ya kukamatia zahabu. Alimusihi aache. Honoré akamujibu dada yake mukubwa: «Yaya, weye uko na mushahara. Siye tutakula nini?»

Miaka mitatu hawakuongea. Katika miaka hiyo mama alifuta mwisho wa kitabu, akaandika mwingine, Wazungu wanaenda, beleshi zinabaki mikononi mwa watoto wa muto, na mumoja wao anasema maneno ya Honoré, yote, bila kuhukumiwa. Mwaka 2011 aliusoma mwisho huo kule Fataki mbele ya watu. Honoré alisimama, akasema: «Yaya, kumbe ulinisikia.» Hakuacha kuchimba, lakini aliacha kutumia zebaki mutoni, na wenzake kadhaa wakamufuata.

Ugonjwa wa figo ulimushika mwaka 2015, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 mwezi wa pili 2017, Honoré akiwa amemushika mukono.

Tunashukuru waganga na wauguzi wa hospitali, majirani waliolala hapa na siye, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani waliotoka mbali.

Mama alituagiza tusiseme leo kwamba muto umepona. Haujapona. Pumzika, mama, siye tunabaki nao.