Kinywa cha Kumi

Muuguzi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimgeukia bibi mwenye mjukuu. "Mama, niruhusu nimwangalie kinywani. Natoka kwenye mafunzo ya meno, fomu yao inataka niangalie watoto kumi na nina tisa."

Bibi akamkumbatia mtoto. "Si wewe uliyekuwa ukimpima uzito kliniki? Mwaka mzima hukuuliza chakula kinapitia wapi."

"Hatukufundishwa, mama."

"Na meno yake ya mbele yameshaoza. Usiku halali."

Mimi, ambaye sikuulizwa kitu, nilifunga mdomo wangu vizuri, meno yangu yasionekane. Muuguzi akaikunja fomu, akaitia mkobani. "Basi siandiki. Nimwangalie tu."

Bibi akafikiri, kisha akauinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole chake mwenyewe. Basi likasimama. Kondakta akaita wa kushuka hospitali mara mbili. Muuguzi, ambaye hicho ndicho kilikuwa kituo chake, hakuinuka; bado alikuwa ameinamia kinywa cha mtoto.