Nyamizi Hakuwa na Kiburi

Wifi yetu, marehemu Nyamizi Yakobo Budeba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 wilayani Maswa. Akiwa mdogo wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, na huko ndiko alikosoma shule ya msingi hadi mwaka 1989. Baadaye alijifunza ushonaji Soweto, Mbeya. Alimpima mtu kwa macho tu, na gauni likakaa. Sare za kwaya mnazoziona hapa leo ni mkono wake.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa na kaka yetu Philbert Kalinga, akaja kwetu Igowole. Alipika vizuri, alicheka kwa sauti, lakini msibani hakukaa mkekani. Wanawake tunakaa chini tumekunja miguu upande. Yeye aliomba kigoda. "Mawifi, nyonga zangu hazikunjiki," alisema. Tukamuuliza kama zinauma. Akasema hapana. Tukaguna. Eti haziumi lakini hazikunjiki! Huyu ana maringo.

Mama yetu alipofariki mwaka 2011, tulimwondolea wifi kigoda msibani. Akashinda amesimama ukutani, kanisa zima likimtazama.

Mwaka 2019 alianguka na bodaboda, akapigwa eksirei hospitalini Mbeya. Hakuvunjika. Ila daktari alimwonyesha kuwa kichwa cha mfupa wa paja lake hakikuviringa sawasawa, kinagota kwenye ukingo wa nyonga kabla mguu haujakunjika vizuri. Akasema ni maumbile tu, wengi wanayo na hawaumwi wala hawajui. Wifi alirudi na picha ile amefurahi mno. "Jamani, nisemeeni kwa wanawake wa kanisani. Mimi sina kiburi." Tukamjibu, "Tutasema." Hatukusema, maana tungejiumbua wenyewe.

Tangu mwaka 2022 alisumbuliwa na shinikizo la damu. Tarehe 3 Juni 2025 alipata kiharusi, na tarehe 9 Juni akafariki dunia. Ameacha mume, watoto wawili, Clement na Eveline, na mjukuu mmoja.

Wanawake wa Igowole, tusikilizeni. Wifi yetu hakuwa na kiburi. Aliumbwa hivyo. Maneno haya aliyaomba akiwa hai, akayasubiri, na sisi mawifi zake tunayasema jeneza likiwa limeshafungwa.

Tunaona aibu, Nyamizi. Pumzika kwa amani, wifi.