Nyanya Aliyezuiliwa Mlangoni

Zuhair alipunguza redio ya tuktuk yake, maana mazungumzo ya nyuma yalikuwa yamenoga. Abiria wake wawili walikuwa wamekutana tu stejini nje ya hospitali, wote wakielekea Nyamasaria.

"Wamenizuia mlango wa ICU ya watoto kama mwizi," alisema Nabalayo. "Mimi, nyanya yake. Eti nivue bangili, ninawe mpaka kwenye kiwiko, na wamama wa maombi niliokuja nao wabaki nje. Mjukuu wangu anapumulia mashine, halafu shida ni bangili?"

"Kwa hivyo uliingia?" aliuliza Kadija.

"Sikuingia. Kale kanesi kalikosa heshima."

Kadija alimgeukia. "Hospitali tulikomlaza mtoto wangu Amirah hakuna aliyezuiliwa. Tuliingia na mashangazi na majirani, wote tukamshika. Daktari alitoka kitanda cha mgonjwa mwingine akaja kwetu na mikono ileile. Mfereji wa kunawia ulikuwa mkavu. Mtoto alikuwa ameshapona nimonia, ameanza kupumua mwenyewe. Akapata ugonjwa mwingine mlemle wodini, na ndio uliomuua."

"Pole sana, mama. Mapenzi ya Mungu."

"Mungu ndiye aliyekausha mfereji?"

Zuhair akasimamisha tuktuk Nyamasaria.

"Hata hivyo," Nabalayo alisema, "yule nesi angeniambia kwa heshima."

Kadija alikuwa ameshashuka. "Sisi tuliheshimiwa sana," alisema, akaenda zake.