Mzee Hodi na Bahasha Aliyoninyima

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpeleka hati wa mahakama yetu anastaafu baada ya kuchakaza viatu kwa miaka thelathini na mmoja. Tumezoea kumwita Mzee Hodi, kwa kuwa hapitishi karatasi chini ya mlango wala hamwachii jirani. Hupiga hodi mpaka mwenyewe atoke.

Kwenye hati za usimamizi ndipo hashikiki. Hizo ni zile ambazo kwazo ndugu wanaiomba mahakama mtu mzima awekewe wa kumwamulia mambo yake. Mlangoni ataambiwa mgonjwa haelewi kitu, tuachie sisi. Yeye huomba kiti, hutoa miwani ya akiba mfukoni, humvisha mhusika, kisha humsomea polepole: una haki ya kufika mbele ya hakimu, ya kuwa na wakili, ya kupinga. Kuna babu mmoja alisomewa mara nne. Ya tano, babu ndiye aliyemsomea yeye.

Mimi wa masjala nina yangu ya kusimulia. Miaka mitatu iliyopita mama yetu, fundi cherehani, alisahau pasi ikaunguza meza. Sisi wanawe tukaomba dada mkubwa awe msimamizi wake. Nilimwendea Mzee Hodi nikamwambia anipe hati hiyo, nimpunguzie safari. Nia yangu ilikuwa kuificha kabatini mpaka siku ya kesi ipite, ili mama asipandwe na presha. Alicheka tu, akasema jina lililo juu ya bahasha si langu. Jioni nikamkuta sebuleni kwetu, mama amevaa ile miwani ya akiba, anamsahihisha matamshi.

Mama alifika mahakamani na gauni alilolishona juma zima. Alikiri kwa hakimu kwamba pasi imemshinda, lakini nyumba yake na cherehani yake bado anaziweza. Hakimu alikataa ombi letu. Mama mwenyewe akamkabidhi dada ile pasi, kwamba kama ni usimamizi, aanze na hiyo.

Aliishi kwake, akiamua mwenyewe hata rangi ya pazia, mpaka alipotutoka Machi mwaka huu. Ile miwani aliyoachiwa bado iko juu ya cherehani. Mzee Hodi amekataa kuichukua.

Asante, Mzee wetu, kwa kuninyima ile bahasha. Pumzika vizuri, uwe na afya na siku ndefu. Sasa ni zamu yetu kuja kwako kupiga hodi, na hatuondoki mpaka utoke mwenyewe.