Mama Daftari Anastaafu, na Hesabu ya Miaka Yake Imetushinda

Mtunza kumbukumbu za ndege zetu, ambaye hapa kazini hata mkurugenzi humwita Mama Daftari, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Au miaka ishirini na tisa na miezi kumi. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilidhani sentensi ya kwanza ndiyo itakuwa rahisi kuliko zote, kumbe ndiyo iliyonitoa jasho kwa wiki mbili. Msomaji anivumilie. Nitaeleza nilivyochanganyikiwa, kwa mpangilio ule ule niliochanganyikiwa nao.

Wengi wameshangaa kwamba nimechaguliwa mimi wa dawati la kukodisha ndege. Wana haki. Mwaka huu karibu wote mimi na Mama hatukuiva chungu kimoja, na sababu ilikuwa ndege moja kuukuu. Nitaifikia.

Aliingia hapa kama mpiga chapa, kampuni ikiwa na ndege moja ya panga boi na ofisi moja nyuma ya hanga la kuegeshea ndege, yenye meza moja na kona inayovuja. Baada ya miaka miwili akakabidhiwa madaftari ya ndege, na tangu siku hiyo hakuna saa iliyorukwa, tairi iliyobadilishwa wala taa iliyoungua ambayo haikupita chini ya kalamu yake. Chumba chake mnakijua: makabati manne ya chuma, rula ya mbao iliyolika ncha, kalamu nyeusi peke yake (za bluu alizipiga marufuku kwa kuwa hufifia), na kiti ambacho hata wakaguzi hawathubutu kukikalia.

Visa vyake ni vingi. Rubani mmoja aliyejaza taarifa ya safari kwa penseli alirudishwa hadi kwenye ngazi ya ndege akatafute kalamu, abiria wake wakimwangalia. Mwingine alimwaga kahawa juu ya ukurasa. Mama hakufoka. Aliuning'iniza ukurasa dirishani siku mbili, kisha chini ya doa akaandika, “Hii ni kahawa,” akatia saini na tarehe, ili fundi wa miaka ijayo asije akadhani ni mafuta ya injini akaanza kutafuta mahali panapovuja.

Jambo la kwanza lililonichanganya kuhusu Mama ni kwamba hajawahi kupanda ndege. Hata mara moja. Nimemuuliza sababu mara tatu na nimepewa majibu matatu: kwamba masikio yake hayapendi, kwamba hana pa kwenda, na kwamba bado anasoma. Jibu hilo la tatu alilitoa uso mkavu kabisa, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania.

Basi turudi kwenye ndege kuukuu.

Wateja wetu walikuwa wameichoka jeti yetu ndogo. Abiria mrefu hupita ndani ameinama kama anatafuta kifungo kilichodondoka, na choo chake ni pazia tu. Kila mteja alipotaka ndege kubwa zaidi tulimkodia ya kampuni nyingine, na mara nyingi safari iliyofuata mteja huyo aliwapigia wao moja kwa moja. Mwezi wa pili nikaipata dawa: ndege ya ukubwa wa kati, viti vinane vya ngozi, dari ambayo mtu mzima anasimama chini yake, choo chenye mlango, na uwezo wa kuruka saa tano bila kutua kuongeza mafuta. Ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, yaani ilishakula chumvi, lakini rangi ilikuwa mpya na zulia lilinukia kama limetoka dukani jana. Nilimpigia mkurugenzi nikiwa bado nimekaa ndani yake.

Anayeijua biashara hii anajua kwamba ndege ya umri ule hununuliwa kwa kusomwa. Kuinunua si kazi. Kazi ni kuitunza, na thamani yake yote imo kwenye madaftari yanayoeleza ilikotoka. Niliyasoma. Yalikuwa matano, nikayamaliza kwa mchana mmoja. Jumla ya saa za kuruka mwishoni mwa daftari la tatu ilikuwa sawasawa na ile ya mwanzo wa daftari la nne, nikaandika kwenye ripoti kwamba hakuna kilichopungua. Mkurugenzi akaanza kuzungumza na mpaka rangi juu ya mistari ya ubavuni.

Mama Daftari akaomba siku nne. Yeye hulisoma daftari kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza, na wageni wote humcheka kwa hilo. Alinieleza wakati mmoja kwamba ukianza mbele, ndege inakusimulia na wewe unaitikia. Ukianza nyuma inabidi uuulize kila ukurasa umetoka wapi. Siku ya nne akaja kwenye kikao na karatasi moja. Saa zimelingana, alisema, ila tarehe hazilingani. Kati ya mstari wa mwisho wa daftari la tatu na wa kwanza wa daftari la nne kulikuwa na miezi kumi na mmoja ambayo hakuna mtu aliyeandika hata neno.

Dalali aliyekuwa akiiuza alicheka. Ilikuwa imeegeshwa tu, akasema, sasa waandike nini?

“Kuegeshwa nako kunaandikwa,” Mama akamjibu. Akataka kujua iliegeshwa ndani au mvuani, nani alizifunika injini, nani alitoa maji kwenye matangi ya mafuta, nani aliyasogeza magurudumu. Dalali akamjibu kwa tabasamu, akarudi kusifia viti vya ngozi.

Kwa utaratibu wetu hakuna ndege inayoingia hapa bila saini ya Mama kwenye fomu ya kumbukumbu. Mkurugenzi alimbembeleza. Alimwahidi kiti cha dirishani kwenye safari ya majaribio, safari yake ya kwanza maishani. Mama alikwenda hadi mlango wa hanga, akaitazama ile ndege kwa muda, akarudi chumbani kwake. Mimi nilishindwa kujizuia. Mbele ya watu nikamwambia, “Mama, wewe unastaafu mwaka huu. Sisi ndio tunaobaki.”

“Ndiyo maana, mwanangu,” akasema.

Dalali alipoombwa kuruhusu injini zifunguliwe zitazamwe ndani, akaingia mitini, na baada ya mwezi tukasikia ndege imenunuliwa kwingine. Ningependa kuandika hapa kwamba ilikutwa na kutu, sote tukamshukuru Mama. Sijui. Huenda ilikuwa ndege safi kabisa. Ninachojua ni kwamba tuliendelea kukodi za watu, wateja wakaendelea kulalamikia pazia, na mimi nikamnunia Mama tangu mwezi wa nne. Nilipopita mlangoni kwake nilijifanya nasoma simu.

Katika hali hiyo ndipo nikaitwa kuandika wasifu wake. Afisa utumishi alinipa faili lake pamoja na onyo. Mnaufahamu utamaduni wetu: anayetimiza miaka thelathini kamili hurushwa pamoja na familia yake kwa ndege ya kampuni, aende anakotaka na kurudi. Mama, afisa akasema, hajatimiza. Miaka mingi iliyopita kazi zilikauka, kampuni ikafunga milango kwa miezi kumi na minne, na wafanyakazi wote kumi na wanane mikataba yao ikasimamishwa. Barua ya kusimamishwa imo, barua ya kurudishwa imo, na katikati hakuna kitu. Wenzake wote walikatwa miezi hiyo, hivyo naye anakatwa. Upungufu ni miezi miwili tu, lakini ni upungufu.

Nikabaki nimeshika tama. Mtu huyu aliikataa ndege kwa sababu ya pengo, naye mwenyewe ana pengo, tena refu kuliko la ndege!

Hapa niseme ukweli, hata kama utaniaibisha. Wazo lililonijia halikuwa zuri. Kama kampuni ilifungwa miezi kumi na minne, basi na ndege zetu mbili za wakati ule ziliegeshwa miezi kumi na minne. Je, nani aliandika? Nilishuka kwenye chumba cha madaftari Mama akiwa ameenda benki, nikitafuta kurasa tupu. Nilitaka nimwekee mezani siku ya kuaga, kwa heshima zote, nimwulize mbona alitunyima ndege kwa kosa tulilokuwa nalo wenyewe. Nikavuta daftari la zamani, nikaanza nyuma, kwa mtindo wake, kumkomoa tu.

Hapakuwa na ukurasa mtupu. Kila Jumatatu ilikuwa na mstari wake, kwa wino mweusi, kwa mwandiko tunaoujua sote: “Imeegeshwa. Magurudumu yamesogezwa. Maji yametolewa matangini. Vifuniko vya injini vipo.” Daftari la ndege ya pili, hivyo hivyo. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu kwa sababu sikujiamini. Jumatatu sitini, na Jumanne moja. Kwenye hiyo Jumanne aliongeza maneno machache: “Jana sikufika. Nilimzika mama.”

Niliketi kwenye kile kiti kisichokaliwa.

Nikaenda kwa fundi mkuu, mtu pekee hapa anayezikumbuka siku zile. Alisema ndiyo, wakati huo alikuwa bado hajaajiriwa hapa, akifanya kazi karakana nyingine, na mara moja kwa mwezi alipita kukagua na kutia saini yake chini ya mistari ya Mama. Yeye ndiye aliyemfundisha kutoa maji matangini. Lakini hakujua kwamba Mama alikuwa amesimamishwa. “Nilidhani yuko kazini,” akasema, akarudia mara mbili. Mkurugenzi wa wakati ule amekwisha kufariki. Inavyoonekana yeye alidhani Mama anakuja kuangalia kufuli. Kampuni ilipofunguliwa tena, wakaguzi wa usafiri wa anga waliyasoma madaftari yale na ndani ya wiki tatu ndege zikaruka. Majirani zetu wawili pale uwanjani, walioziegesha zao bila kuandika, waliambiwa wazifungue injini zote. Hawakurudi angani. Mimi wakati huo nilikuwa shuleni, na dawati ninalolikalia leo lipo kwa sababu ya mistari ile.

Kwa nini hakusema? Nilimwendea, nikaomba radhi kwanza kwa maneno yangu ya kwenye kikao, naye akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka maneno gani. Nikamwuliza kuhusu ile miezi. Alijibu kwamba ndege zilikuwepo, sasa nani angeandika? Nikamwuliza mbona faili lake halina habari hiyo, na mbona miaka yote hii hakudai. “Faili langu simwandikii mtu,” akasema. “Mimi naandika ya ndege.” Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimemzibia mwanga. Bado sijaelewa. Nilikuja kuandika wasifu wa mtu niliyedhani namfahamu, na kila ninachokiuliza kinafungua kingine.

Afisa utumishi aliyachukua madaftari yote mawili, akajifungia nayo saa nzima. Alipotoka aliniomba faili la Mama, akaweka karatasi kati ya zile barua mbili, na kwenye karatasi hiyo tukaandika tarehe sitini na moja, moja baada ya nyingine. Fundi mkuu akatia saini chini. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya kwanza sasa inasimama: ni miaka thelathini na moja kamili, na atakayebisha aje asome, aanzie nyuma.

Safari yake ni Jumamosi, saa nne asubuhi, baada ya hafla fupi hangani. Atapanda jeti yetu ndogo, yenye pazia, pamoja na bintiye na wajukuu wake wawili. Tulidhani atakataa. Bintiye ametuambia kwamba amekubali, ila ameomba siku tatu, na kuanzia Jumatano amekuwa chumbani akiyasoma madaftari ya jeti hiyo kutoka ukurasa wa mwisho. Nilimwuliza fundi mkuu, anatafuta nini humo, wakati kila mstari ameuandika yeye mwenyewe?

“Mwache,” fundi akaniambia. “Anaaga.”

Mama Daftari, wenzako wote wa kampuni hii, wa ofisini, wa karakana na wa angani, wanakushukuru kwa kila ukurasa. Taarifa ya safari ya Jumamosi usiiguse, nitaiandika mimi, kwa kalamu nyeusi, na jina lako litakuwa la kwanza kwenye orodha ya abiria. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wanaosikia wakiitwa. Na Jumatatu itakapofika, ukaamka huna pa kwenda wala la kufanya, usidhani siku hiyo imepotea. Ulitufundisha mwenyewe kwamba kuegeshwa nako kunaandikwa. Nitapita kwako jioni na daftari jipya. Wewe niambie tu, nami nitaandika.