Kitambaa Chekundu Kwenye Kitasa

Ndugu waombolezaji, mimi ni shangazi wa marehemu, nimepewa kusoma wasifu wake kwa kuwa mdomo wangu mnaujua, basi tulieni, na wa kukohoa akohoe sasa.

Marehemu alizaliwa nyumbani tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume, akalia mpaka majirani wakatoka nje, naye huyo huyo ndiye aliyekuja kutukataza kelele sote. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari 1998, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mwaka 2003 akaajiriwa kampuni ya bima, idara ya kukagua madai, akasifiwa kwa kuyakataa mengi kuliko mwenzake yeyote.

Tarehe 14 Agosti 2010 alimwoa mama huyu aliyekaa mbele, fundi cherehani, wakajaliwa binti mwaka 2012, na wa kiume 2018.

Mwaka 2020 kampuni ilimrudisha nyumbani na kompyuta yake, tukashangilia kwamba sasa watoto watamwona baba, na kweli walimwona, mgongo. Chumba cha watoto kikawa ofisi, kitambaa chekundu kikafungwa kwenye kitasa, na amri ikatoka kwamba kikiwepo asigonge mtu hata nyumba ikiungua. Cherehani ikahamia barazani kwa jirani, viazi vikakaangwa huko huko, ndala zikavuliwa nje, na mtoto wa mwisho akajifunza kulia bila sauti, jambo ambalo mimi sijaliona hata kwa watu wazima, huku mwenyewe kakaa ndani, juu koti na tai, chini kaptula ya kulalia.

Mwaka 2023 binti alianguka akavunjika mkono, mama akagonga, marehemu akachungulia, akasema, "Unaniaibisha mbele ya bosi," akafunga, mama akambeba mtoto mpaka hospitali peke yake, na mwezi mzima mumewe hakumsemesha.

Presha ilimwanza mwaka 2024, daktari akamwambia atembee, akajibu hana nafasi. Tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, alifunga kitambaa chake akaingia mkutanoni. Mchana mkewe aliweka chakula mlangoni, kikapoa, akakirudisha jikoni. Jioni bosi akampigia simu, amwambie mumewe afungue maikrofoni, kaulizwa swali yuko kimya, kumbe wenzake walikuwa wakimwona kwenye skrini kainamisha kichwa, wakadhani anaandika. Daktari alisema amekufa tangu asubuhi.

Sasa nyie dada zake wa viti vya nyuma, mnaonong'ona kwamba mke alimwacha afe makusudi, na mmeshamwambia afungashe virago, kitambaa hiki hapa, nimekivua kwenye kitasa na fundo lake, fundo la mkono wa kaka yenu, asiyeamini aje alifungue, na katika nyumba ile haondoki mtu.

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakusikilizwa, majirani waliovumilia moshi wetu, na wafanyakazi wenzake, waliokaa na maiti wakijadiliana mpaka jioni, uvumilivu ambao hata sisi wa damu hatuna.

Asubuhi hii, mbele ya jeneza, mtoto wa mwisho ameniuliza kwa ishara kama anaruhusiwa kulia. Lia, mjukuu wangu, toa sauti yote, mkutano umekwisha. Nawe mwanangu, pumzika kwa amani, huko uliko hakuna atakayekugongea.