Fundi Cheche na Siri Aliyomfichia Mama

Marehemu, ambaye karibu wote mliopo hapa mlimwita Cheche, alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, kifungua mimba wa mama huyu aliyeketi mbele yenu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, akajifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi. Mageti mengi ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake. La kwake lilifungwa kwa waya hadi juzi. Mkewe alisema mpaka akachoka.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Muuguzi alimweleza kwamba wengi huvipata wakiwa wachanga, kutoka kwa mama asiyejua kuwa anavyo, hivyo mama na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe. Mkewe na mabinti aliwapeleka kesho yake. Walikutwa salama, wakachanjwa. Lakini hakumwambia mama. Wala hakumwambia mdogo wake, maana huyo akipimwa, mama angeuliza ugonjwa umetoka wapi. Cheche aliliogopa swali hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi akawa anakwenda kliniki kila miezi sita, kupima damu na kupiga picha ya ini, na dawa alipoandikiwa alizimeza bila kukosa. Kila mara muuguzi alimuuliza, "Na mdogo wako, mbona humleti?"

"Yuko safarini, dada."

Msafiri mwenyewe alikuwa nje, amekaa juu ya pikipiki, akimsubiri kaka amalize kupimwa presha. Ndivyo alivyoambiwa.

Januari 2025 picha ilionyesha uvimbe, nao ulikuwa saratani. Alikonda, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Tarehe 3 Juni alimwita mama kando ya kitanda, akamweleza yote huku jasho likimtoka.

Mama alimfuta jasho. "Mimi umenisitiri, mwanangu," akasema. "Na mdogo wako je?"

Cheche alilia, nasi tuliokuwapo tukalia. Kesho yake mama alimshika mkono kitinda mimba wake, wakaenda kupima. Wote wawili wanavyo virusi. Kama ini la mdogo limeshaharibika, bado hatujui.

Marehemu alituaga Alhamisi, tarehe 12 Juni, mchana. Neno lake la mwisho lilikuwa kwa mama: "Picha ya mdogo wangu lini?"

"Jumatatu, baba. Nitaenda naye mwenyewe."

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili na mdogo wake huyo, ambaye Jumatatu haijamfikia.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Sisi tuliobaki, tukapime.